Tunarudi ufukweni watu saba. Safari iliyopita mtoto alipotea dakika 20. Tulikosea wapi?

MamaDaftari:

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie. Wale wa "weka kwa ufupi" shukeni moja kwa moja hadi aya ya mwisho.

Tuko saba: mimi, mume wangu, mama mkwe (miaka 74, magoti yanamsumbua), shemeji yangu ambaye kwa maneno yake mwenyewe ni bingwa wa kuogelea, binti wa miaka 13, kijana wa miaka 7 na mdogo wao wa miaka 2. Wiki tatu zijazo, Jumamosi, nataka tukashinde ufukweni, kwenye ule mji wa mapumziko ambao siku ya sikukuu watu ni kama siafu. Mume wangu hataki. Anasema mara ya mwisho ilimtosha.

Mara ya mwisho ilikuwa hivi. Tulipanga kutoka saa kumi na mbili asubuhi, tukatoka saa tatu na nusu, kwa sababu kila niliyemwambia "haya twende" alikumbuka kitu. Foleni ilianza kabla hatujaiona hata bahari. Tukafika saa saba. Maegesho yote ya karibu yamejaa, tukaacha gari mbali, tukaanza msafara: deli la barafu, mtoto mgongoni, mwavuli, mkeka, mifuko ya nguo. Mchanga unaunguza nyayo. Katikati ya njia mama mkwe akasimama, akauliza kwa upole kabisa, "Kwani nyumbani maji yamekatika?"

Ufukwe umejaa miavuli hadi ukutani. Ila nikaona sehemu moja pana, mchanga mgumu umelala vizuri, hatua chache tu kutoka kwenye maji, na hakuna aliyekaa. Nikajiona mjanja. Nikatandika.

Saa tisa hivi maji yakaja. Wala si wimbi moja la utani, yalikuja kukaa. Yakainua pembe ya mkeka, yakabeba ndala ya kushoto ya mama mkwe (ya kulia tunayo hadi leo, sijui tunamtunzia nani), deli likaanza kuelea. Tukakusanya kila kitu mbiombio tukahamia juu, nyuma ya miavuli ya watu. Muda huo kijana wangu alikuwa majini na shemeji. Tulipomaliza kutandika upya, shemeji huyo anakuja, anakung'uta maji sikioni, yuko peke yake. "Mtoto yuko wapi?" "Si alitangulia kuja kwenu?"

Dakika 20. Nilizihesabu baadaye kwa kuangalia saa za simu nilizopiga. Tulimtafuta vyooni, tukamtafuta kwenye magari, tukaliita jina lake hadi watu wasiotujua nao wakaanza kuliita. Mama mmoja ndiye aliyemwona, mbali kule upande wa kushoto. Amesimama na ndoo yake ya bluu mkononi, halii, anatazama tu miavuli mmoja baada ya mwingine. Nikamkumbatia, kisha nikamchapa. "Nimekukataza mara ngapi kutangatanga?" Akawa anarudia, "Sikuondoka mama. Sikuondoka." Nikamwambia asiniongopee.

Kitu kizuri siku ile kilikuwa kimoja tu, njiani kurudi. Giza limeshaingia, mwezi ukachomoza mkubwa, mwekundu kama chungu kilichotoka motoni. Garini hakuna aliyesema neno.

Sasa nauliza. Sehemu ya kukaa mnaichaguaje? Mama mkwe nimfanyie nini asiteseke? Mchanga mnautoaje kwa mtoto kabla hajapanda gari? Na mtoto anayetangatanga anadhibitiwaje kwenye umati kama ule? Halafu shemeji keshanunua boya kubwa la umbo la bata, la kupanda watu wawili. Karibuni kwa busara. Matusi hapana.

Mzee wa Dirishani:

Jibu rahisi: nendeni Jumanne.

MamaDaftari:

Jumanne utakuja wewe kunishikia zamu kazini?

MamaPacha:

Pole mwaya, nimecheka kwenye ndala kisha nikajisikia vibaya.

Mchanga: poda ya mtoto. Mpanguse kwanza maji hadi akauke kabisa, mnyunyizie poda miguuni na kwenye mikunjo, halafu pukuta kwa mkono. Mchanga unang'ang'ania ngozi kwa sababu ya unyevu, poda inaunyonya, unadondoka wenyewe. Mimi na pacha wangu niliacha kuhangaika na chupa za maji siku niliyojua hili.

Mkeka uache nyumbani. Chukua shuka lile la godoro lenye mpira pembeni, ligeuze chini juu, weka mifuko na deli kwenye pembe nne kwa ndani. Linasimama kama beseni. Wapita njia watapita, mchanga utabaki nje. Huyo wa miaka 2 mpe kisahani cha kuchezea humo ndani.

Bibi apelekwe na kiti cha kweli, chenye mgongo na mikono ya kujinyanyulia. Vile viti vya kukunja vya chini chini, mtu wa magoti akishaingia kutoka ni kazi ya watu wawili. Na dereva amshushe bibi na mizigo karibu na mchanga kwanza, ndipo aende kutafuta pakingi. Mlimtembeza mama wa watu mchanga wa saa saba!

Jua nalo msilidharau kwa kuwa mna mwavuli. WHO (Shirika la Afya Duniani) wanaeleza kwamba mchanga mkavu unarudisha mionzi ya jua inayounguza ngozi (UV) kwa kiasi cha asilimia 15 na povu la bahari asilimia 25, yaani linakupata hata kivulini, kutokea chini. Na nusu mita ndani ya maji bado kuna kama asilimia 40 ya mionzi iliyopo juu. Kwa hiyo mtoto aliyezama hadi shingoni anaungua huku anasikia baridi. Wavalishe fulana za mikono mirefu za kuogelea, losheni ya jua ipakwe kabla ya kutoka nyumbani, irudiwe kila baada ya saa 2 na kila wakitoka majini. Nguo zenyewe ziwe za rangi ya chungwa au kijani kile kinachowaka. Bluu ikiingia majini ndiyo basi, mtoto hayupo tena.

Filimbi ya Zamani:

Dada, nilikaa kwenye mnara wa waokoaji miaka 11, sasa magoti yangu na ya mama mkwe wako ni ndugu. Nitaanza na mtoto, maana nimeisoma habari yako mara mbili.

Mwanao hakutangatanga. Mawimbi mara nyingi hayaji ufukweni yakiwa yamenyooka, huja kwa mshazari, na maji yakishafika huanza kutiririka kandokando ya pwani. Mtu anayecheza kwenye kina cha kiuno anasogezwa pole pole bila kuhisi, kwa sababu macho yako kwenye wimbi linalofuata, mgongo ndio unaotazama nchi kavu. Nusu saa inaweza kumtupa mita 100 au zaidi kutoka alipoingilia. Nilikuwa naziona familia nzima zikihama hivyo huku zinacheka, kisha zinatoka na kuanza kulaumiana nani kahamisha mataulo. Kwenu likaongezeka la pili: mlihama kweli. Mtoto katoka majini, kaenda moja kwa moja mbele yake kama alivyozoea, kakuta miavuli ya wageni. Hata angerudi pale pale mlipotandika angekuta bahari. Akafanya jambo ambalo watu wazima wengi wanashindwa: akasimama akasubiri. "Sikuondoka" yake ilikuwa kweli tupu.

Kwa hiyo alama yake isiwe mwavuli wenu. Miavuli inafanana, na inahama. Mpe kitu kisichohama: mnara, ukuta wa rangi fulani, ngazi. Mwambie kila baada ya mawimbi kadhaa ageuke aitafute ile alama, na akiona imesogea pembeni, atoke, atembee mchangani arudi mbele yake, ndipo aingie tena. Mtoto wa miaka 7 anaelewa hilo vizuri kuliko shemeji.

Likitokea tena, Mungu apishe mbali, kwanza tazameni majini. Vyoo na magari baadaye. Mtoto aliyepo chooni atakuwa bado mzima baada ya dakika 10. Mmoja wenu abaki mlipotandika asitikisike, mwingine amkimbilie mwokoaji dakika ya kwanza. Watu huja kwetu dakika ya 15 wakiwa wameshazunguka kote, wanaona aibu. Asubuhi kabla hamjashuka garini mpige mtoto picha ya siku hiyo, mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika.

Sasa ile sehemu tupu uliyojiona mjanja. Ilikuwa tupu kwa sababu waliotangulia walijua ni ya nani. Ukifika ufukweni tafuta mstari wa mwani mkavu na vijiti, unakwenda kandokando kama uzi. Hapo ndipo maji ya mwisho yalipofikia. Kaa juu yake, na uache nafasi. Mchanga mgumu uliolala vizuri umelazwa na maji, na mwenyewe atarudi. Fukwe nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, kujaa hadi kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku yanachelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Jedwali lake linapatikana kwenye simu.

Na umenipa ushahidi mwenyewe bila kujua. Mwezi umechomoza mkubwa mara giza lilipoingia? Huo ni mwezi mpevu, au umepita siku moja. Mlikwenda siku za bamvua, maji yanapwa mbali sana na kujaa juu sana. Mkienda mwezi ukiwa nusu mtakuta maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, hamtafukuzwa na mkeka.

Kuna sehemu tupu nyingine, ya majini, na hii ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi. Mawimbi yanavunjika kulia, yanavunjika kushoto, katikati kuna uchochoro umetulia, maji yameiva rangi, hayana povu jeupe. Akina mama wanakuja kuogeshea watoto hapo hapo wakisema "huku kumetulia". Pale maji yote yaliyoletwa na mawimbi yanatafuta njia ya kurudi. Mkondo huo ukiwa mkali unafika mita 2 kwa sekunde. Mwogeleaji wa China, Pan Zhanle, alipoweka rekodi ya dunia ya kuogelea mita 100 huko Paris 2024, sekunde 46.40, kasi yake ilikuwa inazidi hapo kidogo tu, na yeye alikuwa kwenye bwawa. Ukikushika usipigane nao kurudi moja kwa moja. Elea, pumua, inua mkono, na ukiwa na nguvu ogelea kando, sambamba na ufukwe, hadi utoke kwenye uchochoro ndipo mawimbi yakurudishe.

Mwisho, kulinda. "Sote tunamwangalia" maana yake hakuna anayemwangalia. Mmoja kwa zamu, dakika 15 au 20, bila simu, na kukabidhiana kwa mdomo: "Sasa ni wako." Anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono. Anasimama wima majini, kichwa kimelala nyuma, mdomo unaingia na kutoka kwenye maji kama anayepanda ngazi asiyoiona. Niliwahi kumtoa mtoto hatua nne kutoka kwa baba yake. Baba alidhani anacheza.

Shemeji Mwingine:

Mzee umetisha. Lakini bata ana kosa gani jamani? Linaelea, ndiyo kazi yake.

Filimbi ya Zamani:

Linaelea, ndiyo, na upepo ukitoka nchi kavu linaelea kwenda zake. Asubuhi upepo huo huifanya bahari ilale kama kioo, watu wanasema leo shwari. Bata halina nanga wala makasia, na ukubwa wake wote ni tanga. Mwogeleaji halifikii. Wanaolifukuzia ndio tunaowafuata kwa boti. Ukiona wamepandisha mfuko wa upepo wa rangi ya chungwa, vitu vya kujaza upepo marufuku. Bendera nyekundu ni usiogelee, nyekundu mbili ni maji yamefungwa kwa watu wote. Ogeleeni kati ya zile mbili zenye nyekundu juu na njano chini, hapo ndipo macho ya mwokoaji yalipo. Bata lichezewe mchangani, bibi aliegemee.

MamaDaftari:

Nimesoma jana usiku nikashindwa kujibu.

Tangu siku ile, kila tukitoka mahali penye watu namshika mkono kwa nguvu na kuwaambia watu, "huyu ni mtembezi." Mbele yake. Kumbe alikuwa ananiambia kweli. Mzee Filimbi, shikamoo, na asante. Wengine nitawajibu baadaye.

MamaDaftari (mrejesho):

Wakuu, tumerudi salama jana. Niliahidi mrejesho.

Tarehe niliisogeza mbele wiki moja ili tukute mwezi nusu. Mume wangu akaniuliza tangu lini nimekuwa mnajimu. Kutoka nyumbani niliwadanganya wote: nilisema safari ni saa kumi alfajiri, tukatoka saa kumi na moja na nusu. Saa mbili kasoro tuko ufukweni, pakingi tunachagua, mchanga bado wa baridi. Mstari wa mwani niliupata, umenyooka kama alivyosema mzee. Tukatandika shuka la MamaPacha juu yake, hatua 20.

Mama mkwe tulimbebea kiti cha sebuleni. Watu walitazama, wakaona wivu. Kwa ajili ya zamu nilitoa kofia moja ya majani, anayeivaa ndiye mlinzi, haruhusiwi simu wala kusinzia. Nikavaa mimi, akavaa binti (ambaye, mniamini, aliweka simu chini dakika 20 kamili), akavaa mume wangu. Ikafika kwa mama mkwe, hakuitoa tena. Amekaa kwenye kiti chake kama jaji, na filimbi shingoni, hiyo filimbi sijui aliipata wapi. Shemeji alipozidi kwenda mbali alipulizwa mara mbili. Akarudi. Miaka 38 na ndevu, akarudi.

Huyo huyo bingwa alikataa losheni, akasema yeye ngozi yake imezoea. Leo analala kifudifudi.

Kijana wangu nilimchukua tukiwa wawili, mapema, kabla hajaingia majini. Nikamwonyesha kipande cha ubao kilichokuwa kinaelea karibu, nikamwambia tutembee nacho sambamba, mchangani, wewe hesabu hatua. Ubao ulikuwa unacheza tu pale pale, juu chini, juu chini, ungeapa hauendi popote. Alihesabu dakika 10 kwa saa yangu. Hatua 94, zote upande wa kushoto. Akageuka akatazama tulikotoka, akaitafuta kofia ya bibi yake, akaiona ndogo.

Nikamwambia, "Siku ile ni hivi ilivyokuwa. Hukuondoka. Nisamehe."

Akasema, "Nilikwambia." Kisha akauliza kama anaruhusiwa kurudi na ubao nyumbani. Umo garini.

Poda inafanya kazi, MamaPacha, ila kwa mume wangu haikutosha. Leo asubuhi amekuta mchanga ndani ya soksi ambazo hakwenda nazo.

Mzee wa Dirishani:

Na bata?

MamaDaftari:

Juu ya kabati, hajawahi kujazwa upepo. Njoo ulichukue, hata Jumanne.